Ndege imedunda ikavunjika pua: wachunguzi wanatafuta nini hasa?

Ukiishi Nairobi West, Lang'ata au Madaraka, ndege ndogo huwa kama bodaboda: zinaanza kunguruma asubuhi na mapema, na baada ya mwezi mmoja huzisikii tena. Unakumbuka kwamba zipo siku ile video ya sekunde kumi inapozunguka WhatsApp. Ndege nyeupe imechomeka pua kwenye nyasi, mkia uko juu, propela imepindika, na rubani amesimama kando mikono kichwani. Hakuna aliyekufa. Lakini kabla chai ya jioni haijachemka, kila mtu ana jibu lake.

"Injini ilizimika," mama anayeniuzia chapati karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson aliniambia mara ya mwisho, akigeuza chapati bila hata kuiangalia. "Na ile boksi nyeusi walishaipata, ni vile tu wanaficha."

Nilinyamaza nikala. Lakini ndani ya maneno yale machache kulikuwa na mambo matatu ambayo karibu Nairobi nzima huyachanganya: ndege hupatwaje na balaa ikiwa inatua, ushahidi wake hukaa wapi, na kazi ya wachunguzi ni ipi. Mama, haya ndiyo majibu ambayo singeweza kukupa nikiwa na chapati mdomoni.

Tuanze na neno lenyewe, ajali. Mtaani, chochote kilichokunjika ni ajali. Katika usafiri wa anga, neno hili lina mipaka yake, na mipaka hiyo imewekwa na Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao Kenya ni mmoja wa wanachama wake. Muda unaohesabiwa ni tangu mtu wa kwanza alipopanda ndege akiwa na nia ya kusafiri hadi wa mwisho aliposhuka. Ndani ya muda huo, mtu akifa au akiumia vibaya, au mwili wa ndege ukiharibika kiasi cha kuhitaji matengenezo makubwa, au ndege ikipotea, hiyo ni ajali. Majeruhi akifariki ndani ya siku 30, anahesabiwa miongoni mwa waliokufa katika ajali hiyo.

Kilicho chini ya hapo huitwa tukio, na pale ambapo ajali ilikosekana kwa tundu la sindano huitwa tukio kubwa. Sasa angalia ajabu yake. Propela iliyopindika peke yake, tairi lililopasuka au ncha ya bawa iliyokwaruzwa haiifanyi kuwa ajali. Lakini ndege ndogo nyingi za mafunzo, kama Cessna 172, gurudumu lao la mbele limefungwa kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na mahali wanapokaa watu. Pua ikigonga chini na ukuta ule ukajikunja, mwili wa ndege umeguswa. Ni ajali kamili, hata kama rubani ametoka bila mkwaruzo na ameshapiga simu kwao. Kwa hiyo ukisikia habari zikisema "ajali" na ukaona watu wazima wanatembea, usidhani mwandishi anatia chumvi.

Twende kwenye kutua. Marubani wana neno ambalo fundi wa magari wa Grogan analo pia, na mkanganyiko wote unaanzia hapo. Kwa fundi, gari likistoli maana yake injini imezimika. Kwa rubani, kinachostoli ni bawa. Ukitaka kuelewa bawa linavyostoli, kumbuka ulipokuwa mtoto ukitoa mkono nje ya dirisha la matatu (kondakta akikuona utajua hujui). Ukiinamisha kiganja kidogo kuelekea upepo, mkono unainuliwa wenyewe. Ukizidi kukisimamisha, kuna mahali mkono unaacha kupanda, unasukumwa nyuma na kuanguka. Upepo bado upo, ila hautiririki tena juu ya kiganja, umevurugika. Bawa la ndege hufanya vivyo hivyo rubani akiinua pua kupita kiasi huku kasi imepungua, na injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa.

Kinyume chake pia ni kweli. Injini ikizimika hewani, ndege haishuki kama jiwe. Cessna 172 iliyo mita 300 juu ya ardhi inaweza kuteleza hewani karibu kilomita mbili na nusu bila injini, rubani akishika kasi inayofaa. Shida ya Wilson ni kwamba ndani ya kilomita hizo upande mmoja kuna maghorofa na vibanda, na upande wa pili kuna Mbuga ya Nairobi yenye wenyeji wake.

Kutua kwenyewe, ukikutazama kutoka Barabara ya Lang'ata, huonekana kama ndege inashuka tu hadi iguse. Sivyo. Katika mita chache za mwisho rubani anatoa nguvu ya injini na kuinua pua polepole, ili ndege ikatae kutua huku kasi ikiisha, mpaka bawa lichoke karibu sana na lami na magurudumu ya nyuma yaguse kwanza. Kutua kuzuri ni kustoli kunakofanyika sentimita chache kutoka chini. Kukifanyika mita tatu juu, hiyo ndiyo video ya WhatsApp.

Hapo ndipo Nairobi inapoingia na ukorofi wake. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Siku ya nyuzi 25 tu, ndege pale Wilson hujihisi kama iko futi 8,000, kwenye mita 2,400 hivi. Kipima kasi cha ndege hakihesabu mizunguko ya magurudumu kama cha gari; kinapima msukumo wa hewa. Hewa ikiwa nyepesi, kinasoma kidogo kuliko mwendo halisi. Rubani anayekuja kutua kwa noti 65 kwenye kipimo, yaani kilomita 120 kwa saa, Mombasa siku ya joto atakuwa anapita juu ya ardhi kwa kilomita 124 hivi. Wilson saa nane mchana, kipimo kile kile, sindano pale pale, anapita kwa takriban 136.

Kilomita 12 zinaonekana si kitu. Lakini nguvu unayopaswa kuimaliza kwa breki haiongezeki sawasawa na kasi. Inaongezeka kwa kasi mara kasi. Kutoka 124 hadi 136 ni karibu asilimia 20 zaidi. Dereva yeyote wa lori aliyewahi kuteremka kuelekea Mai Mahiu akiwa na mzigo anaelewa bila hesabu. Na rubani akibadili nia dakika ya mwisho na kutaka kurudi hewani, injini ya kawaida isiyo na turbo, katika hewa ile ile, humpa kama robo tatu tu ya nguvu ambayo ingempa pwani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi anakuja kutua njia namba 14. (Namba hizo wala si foleni, 14 ni nyuzi 140 za dira, na ukiikaribia njia hiyo hiyo kutoka upande wa pili inaitwa 32. Nyingine ya Wilson ni 07, ambayo kinyume chake ni 25.) Kasi yake imezidi kidogo. Upepo unatoka ubavuni. Anagusa kwa nguvu, ndege inadunda. Akili ya binadamu inamwambia: uko juu, shuka, sukuma usukani mbele. Anasukuma. Gurudumu la pua, ambalo halikuundwa kubeba kishindo, linagusa kwanza na kuirusha ndege juu zaidi. Anavuta. Sasa yuko juu, pua juu, kasi imekwisha. Anasukuma tena. Kila mdundo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia, kama pomboo anavyochupa na kuzama, na mara nyingi ule wa tatu ndio unaovunja pua. Dawa inayofundishwa ni kutopigana nayo: ongeza nguvu ya injini, shikilia pua, ondoka, zunguka uje upya. Wanaolisema hilo tukiwa mezani ni wengi. Kulitenda kunataka uamuzi ndani ya sekunde mbili hivi.

Je, chanzo hapo ni nini? Kusukuma usukani? Kasi? Upepo? Mwalimu aliyemruhusu aende peke yake siku ile? Kila mtu mtaani anachagua kimoja na kukishikilia kama timu ya mpira. Profesa James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alieleza ajali kwa mfano wa vipande vya jibini lenye matundu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Sisi tuna mfano ulio karibu zaidi. Chukua mabati matano ya kuukuu yaliyotolewa kwenye paa, kila moja na matundu yake ya misumari, uyarundike. Mvua haipiti, kwa sababu tundu la bati la juu limezibwa na bati la chini yake. Siku matundu matano yanapokutana kwenye mstari mmoja, unalowa. Mafunzo ni bati. Hali ya hewa ni bati. Matengenezo, mnara wa kuongozea ndege, uchovu wa rubani, presha ya kurudisha ndege kabla mteja mwingine hajafika: yote ni mabati. Mtaa unataka kujua tone lilipitia tundu gani la mwisho. Mchunguzi anataka kuyaona mabati yote.

Ndiyo maana "kosa la rubani" ni maneno yasiyonipendeza, hata yanapokuwa kweli. Yanafunga mjadala pale ambapo ulipaswa kuanza. Kama alisukuma usukani, alifundishwa nini kuhusu kudunda? Alifanya zoezi hilo mara ngapi?

Sasa ile boksi nyeusi. Kwanza si nyeusi. Ni ya rangi ya machungwa inayong'aa, ili ionekane kwenye mabaki. Pili, kwa kawaida vifaa hivyo hutakiwa kwenye ndege kubwa na za kibiashara. Kiwango kinachotajwa sana katika kanuni ni kilo 5,700 za uzito wa kupaa. Cessna 172 ya mafunzo hupaa ikiwa na kilo 1,100 na kitu, nyepesi kuliko Probox iliyojaa miraa. Hivyo ikichomeka pua Wilson, mara nyingi hakuna boksi ya kupatikana wala ya kufichwa.

Ushahidi upo, ila umetawanyika na una haya. Umo kwenye kumbukumbu ya kifaa cha satelaiti kilichopo dashibodini, kwenye simu na tableti ya rubani, kwenye sauti zilizorekodiwa za mazungumzo na mnara, kwenye daftari la matengenezo lenye sahihi za mafundi, kwenye mafuta yaliyobaki tangini. Umo pia kwenye lami yenyewe, na hapa ndipo kazi hii inaponivutia.

Gurudumu la pua likivunjika huku injini bado inazunguka, propela hukata lami. Inaacha mikato midogo ya mshazari, mmoja baada ya mwingine, kama alama za kisu kwenye ubao wa kukatia sukuma wiki. Mchunguzi anapiga magoti na futi. Tuseme injini ilikuwa inazunguka mara 1,200 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 20 kwa sekunde, na kwa kuwa propela ina mapanga mawili, lami inakatwa mara 40 kila sekunde. Akipima na kukuta mkato na mkato umeachana sentimita 60, ndege ilikuwa ikienda mita 24 kwa sekunde, karibu kilomita 86 kwa saa. Hakuna kompyuta hapo, ni futi na hesabu ya darasa la saba. Na mapanga yenyewe yanasema: yote mawili yakiwa yamejikunja kwa namna inayofanana, injini ilikuwa inazunguka yalipogonga. Moja likiwa limepinda na jingine limenyooka kama siku liliponunuliwa, yumkini propela ilikuwa imesimama.

Mama wa chapati, kwa hiyo, picha aliyonionyesha kwenye simu yake haikuwa ikimuunga mkono. Mapanga yote mawili yalikuwa yamejikunja.

Kutokana na hayo utaelewa kwa nini wanazungushia utepe na kufukuza watu. Alama za kwenye nyasi hufutwa na viatu vya watazamaji kumi, na mvua moja ya Aprili inatosha kubeba zilizobaki. Mabaki huruhusiwa kusogezwa ili kuokoa watu, kuzima moto au kuondoa hatari, na baada ya hapo mpaka wachunguzi waseme. Njia ya kurukia ikiwa imezibwa, presha ya kuifungua ni kubwa, kwa hiyo picha hupigwa haraka na kwa wingi.

Ni akina nani hawa? Hapa herufi zinatuchanganya kweli. KAA ni wenye viwanja. KCAA ni mamlaka inayotoa leseni, kukagua mashirika na pia kuajiri waongoza ndege walio mnarani. Uchunguzi wa ajali ni wa idara nyingine, AAID, iliyo chini ya wizara inayohusika na uchukuzi. Kutenganishwa huko kuna maana. Uchunguzi unaweza kugundua kwamba leseni ilitolewa vibaya au kwamba mnara ulitoa maelekezo yenye utata. Mwalimu hasahihishi mtihani alioufanya mwenyewe. Polisi nao wana nafasi yao: kulinda eneo, na kufungua faili lao kama kuna harufu ya jinai. Faili hilo ni jingine na lina njia yake.

Kuna lawama nyingine nimeisikia mara nyingi: "Mbona wameleta wazungu?" Kanuni zile zile za kimataifa zinazipa nchi iliyosajili ndege, iliyoisanifu na iliyoiunda haki ya kutuma mwakilishi. Cessna ni ndege za Wichita, Marekani, na Cessna 172 nyingi zina injini za Lycoming za Pennsylvania, kwa hiyo wachunguzi wa Marekani hujulishwa. Ikiwa ni Cessna Caravan, ile ndege ya watalii wa Maasai Mara, injini yake ni ya Pratt & Whitney Canada, na Kanada nayo inaingia. Uchunguzi lakini unaongozwa na nchi ilikotokea ajali.

Kubwa zaidi, na hili naona halijaelezwa vya kutosha, ni kwamba uchunguzi huu kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 una lengo moja tu: kuzuia ajali nyingine. Kulaumu au kuamua nani alipe si kazi yake. Rubani anayejua maneno yake yatamfunga atanyamaza, na akinyamaza, atakayefuata atadunda vile vile. Usiuchanganye na tume kama ile iliyoongozwa na Jaji Kalpana Rawal baada ya helikopta iliyombeba waziri George Saitoti na naibu wake Orwa Ojodeh kuanguka Ngong, Juni 10, 2012. Ile ilikaa kama mahakama, mbele ya umma, mashahidi wakihojiwa na mawakili. Siku nyingi za AAID ni za karakana na karatasi.

Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi. Dash 8 ilirudi Wilson ikatua salama. Waliokuwa kwenye Cessna, watu wawili, walikufa. Kabla jua halijazama, mitandao ilikuwa imeshampata mwenye makosa, tena zaidi ya mmoja. Ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30, na inapotoka watu hukasirika kwamba haisemi chochote. Inasema, ila inasema mambo tu: saa, mahali, uzoefu wa rubani, hali ya hewa, kilichoharibika. Haisemi kwa nini, kwa sababu haijafika huko. Ripoti kamili hulengwa ndani ya miezi 12, na ikichelewa inatakiwa taarifa itolewe kila mwaka ajali inapotimiza tarehe yake. Injini inayopelekwa kufunguliwa ng'ambo hukaa kwenye foleni kama gari lolote gereji.

Jambo dogo lililowahi kuzua kelele katika kundi letu la mtaa: ripoti iliandika 11:00 na sote tuliiona ndege ile saa nane mchana. "Uongo ukurasa wa kwanza!" Usafiri wa anga duniani hutumia saa moja ya pamoja, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Ripoti inaandika 11:00, simu yako inasoma 14:00, na sisi tunasema saa nane. Zote tatu ni dakika ile ile.

Ukiipata ripoti kamili, ina sehemu nne: mambo yalivyokuwa, uchambuzi, hitimisho, na mapendekezo ya usalama. Magazeti hukimbilia ya tatu. Mimi huanza na ya nne, kwa sababu pale pendekezo linaelekezwa kwa mhusika mwenye jina: mamlaka, kiwanja, shule ya urubani, mtengenezaji. Likielekezwa kwa nchi nyingine, nchi hiyo ina siku 90 za kujibu imefanya nini au kwa nini haitafanya. Huchukua kalamu nikaandika tarehe pembeni, nikahesabu mbele siku 90, nikaweka alama kwenye kalenda ya jikoni.